Kuku Aliyeatamia Ndani ya Jiko la Mradi

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache, na mimi nina maneno mengi. Ndiyo maana kikundi chetu cha wanawake, huku milimani Mbulu, kilinichagua kuwa katibu. Nimezaliwa Nangwa, nimesoma, na mwandiko wangu ni mzuri. Hayo yote yalitosha kunipa kichwa kikubwa.

Mradi ulikuja na ahadi ya kutugharamia miche ya miti ya kuni, kila nyumba ipande kwake, tuache kupanda mlima kuokota kuni msituni. Magoti ya mama mkwe yalikuwa yamekwisha. Nilimkataza kwenda, hakunisikia. Kila akirudi na mzigo mgongoni, alisimama kwanza mlangoni, mkono ukutani. Niliitaka miche ile kwa ajili ya magoti yale.

Sharti lilikuwa moja: kwanza kila mwanachama apikie jiko la bati walilotuletea. Nikaandika ripoti kwamba wote tunalitumia. Uongo mtupu. Ugali wa nyumba ya watu tisa husongwa kwa nguvu, na jiko lile jepesi, ukilikandamiza kwa mwiko, linatembea na sufuria yake. Tulikuwa tumerudi kwenye mafiga, kila mmoja kwake, kimyakimya.

Tulipoambiwa afisa wa mradi anakuja kukagua, nikazunguka nyumba kwa nyumba: ficheni mafiga, washeni majiko. Kwa mama mkwe nikakuta kuku anaatamia ndani ya jiko la bati.

“Mama, mtoe basi.”

“Ana mayai,” akasema. “Hatoki.”

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Niliona miche inapotea kwa sababu ya kuku mmoja.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaliona jiko na kuku wake. Akanigeukia na ripoti yangu mkononi.

“Katibu, hawa wote uliowaandika ni akina nani?”

Mama mkwe ndiye aliyejibu.

“Hilo lenu, nikisonga linakimbia. Njoo uone langu.”

Kwenye kona kulikuwa na kitu nilichokuwa nimekipita siku nyingi nikidhani anakandika ukuta. Alikuwa amekanda udongo wa kichuguu na samadi, akayazungushia mafiga yake matatu ukuta mnene, mfupi, akaacha mdomo mmoja wa kuni. Maji yalikuwa yanachemka juu yake. Akamwaga unga, akampa mgeni mwiko.

“Songa.”

Afisa akapiga magoti, akasonga kwa uzito wake wote mpaka jasho likamtoka. Sufuria haikutikisika. Chini yake viliwaka vijiti vitatu tu.

“Nani alikufundisha, mama?”

“Magoti,” akasema mama mkwe.

Nikakiri uongo wangu palepale, maana mbele ya jiko lile ningeona haya kuendelea. Afisa akanirudishia ripoti. “Andika upya,” akasema. “Anza na kuku.”

Nikaandika. Miche ikaja, na fedha zilizokuwa za majiko ya bati wakalipwa wanawake waliojifunza kujenga la mama mkwe. Mpaka Gehandu wametuita tukawaonyeshe. Yeye mwenyewe hakwenda. Alisema udongo wa kule wanaujua wao.

Sasa miche ile, migrevilea, imekuwa miti iliyopita paa. Namsomea mama mkwe yote yanayoandikwa juu yake, na yeye hupukuchua mahindi kana kwamba anasomewa habari za jirani. Kuni bado anazifuata mwenyewe, ila ni matawi ya hapo nyuma ya nyumba. Akirudi nayo hashiki ukuta. Anaingia moja kwa moja, anabandika maji ya ugali.