Bibi na Zamu ya Kuni

Leo nimemfinya mwanangu mbele ya mgeni, na bibi yangu akaniumbua.

Hapa kwetu Makambako mtoto akimsalimia mkubwa anapiga magoti na kutoa mikono yote miwili. Leo Aneth wangu, wa darasa la pili, kagoma kumsalimia rafiki wa baba yake. Kasimama tu mlangoni.

Jana mwalimu wao aliwafundisha: mtu akikushika usivyopenda, kataa, ondoka, sema.

Mimi niliona aibu tu. Nikamfinya. "Salimia!"

Bibi, ambaye kwenye adabu hana mchezo kabisa, akasema, "Mwache."

Kisha akanigeukia.

"Enzi za Mwingereza nilisoma Njombe. Wasichana tulimpelekea mwalimu kuni nyumbani kwake, kwa zamu, mmoja mmoja. Siku moja nikamwambia mama, kule siendi tena. Akanichapa kwa kukosa adabu. Kisha akanitwisha kuni yeye mwenyewe."

Jamani, hajawahi kutuambia! Mama yake alikufa bila kumuuliza kwa nini.

Mgeni akaaga, chai yake nusu kikombe.

Sasa nataka kumuuliza Aneth. Nianzie wapi, nyie? Mkono wake bado una alama ya kucha zangu.