Siku Niliyomkatalia Mama Ruhusa

Kitu cha kwanza nilichofanya kazini, kabla kiti changu hakijapata joto, ni kujifanya bosi wa mama yangu mzazi. Cha pili ni kumkatalia ruhusa ya kufanya kazi. Naungama mapema, nisije nikajaza kurasa za busara halafu mkaisikia habari yenyewe kwa mtu mwingine. Mbugangari habari haikosi pikipiki.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba na mgongo bado mzima. Nawaandikia ninyi wadogo zangu mtakaoanza kazi za mafunzo likizo ijayo, mpate kujua mambo yalivyokuwa enzi zetu, yaani likizo iliyopita.

Nilipangiwa kiwanda kidogo cha maziwa pale Mbugangari, mtaa ulio ng'ambo tu ya mpaka na Goma. Maziwa yanashuka kila asubuhi kutoka vijiji vya Kanzenze ndani ya mabidoni, yaani madumu, kwa baiskeli na pikipiki, yanapimwa, yanachemshwa, mengine yanagandishwa kuwa mtindi. Mama yangu ni mpimaji wa maabara, miaka kumi na moja sasa. Anachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kikombe. Yakikatika mabonge-mabonge, bidoni hilo linarudi lilikotoka. Kisha anazamisha laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea, kuona kama kuna mtu aliyeongeza maji ya mto. Mama alikulia Ngara, upande wa Tanzania, ndiyo maana nyumbani kwetu tunaamkiana shikamoo na kiwandani wananicheka ninavyosema "mtu" badala ya "mutu".

Mkubwa wangu wa kwanza aliitwa Chef Informatique, yaani mkuu wa kompyuta. Jina lake la ubatizo sikulisikia hata siku moja. Alirudi kutoka Goma zamani na sanduku la nyaya, na nadhani hajamaliza kulifungua. Nilipoingia aliniangalia kuanzia kofia hadi viatu.

"Shikamoo, Chef."

"Marhaba. We ni mutoto ya Maman Deo?"

"Ndiyo mimi Deo."

"Bon. Hapa computer haina mambo, Deo. Mambo iko kwa mutu mwenye kukaa mbele yake. Toa kofia."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Niwaeleze kwanza kazi yenyewe. Kiwandani kuna programu kadhaa: ya mizani, ya maabara, ya stoo. Zamani aliyetaka kuingia alimgongea Chef mlango, lakini nani ana muda? Watu waliazimana neno la siri. La maabara lilibandikwa kwenye friji ya sampuli kwa plasta ya kidonda, na kumnyima mwenzako lilikuwa kama kumnyima chumvi. Ndipo wakubwa wakaleta lango la kujihudumia. Ni ukurasa kwenye kompyuta. Unaingia kwa jina lako, unachagua programu unayoitaka, unaandika sababu, unachagua mkubwa wako wa kazi, na ombi linaruka hadi kwake. Yeye anabonyeza Kubali au Kataa. Na kila baada ya muda lango linamuuliza: huyu bado anahitaji? Asipojibu, mlango unajifunga wenyewe.

Kwenye karatasi lilikuwa jambo zuri sana. Shida ilikuja pale pa kuchagua mkubwa wa kazi. Mkubwa wa karibu wote ni Madame Gérante, meneja aliyekuja juzi, mwembamba, ana umri wa shangazi yangu mdogo. Lakini getini yuko Mzee wa Mizani, anayepima uzito wa mabidoni tangu kiwanda ni banda la mabati. Sasa utaandikaje kwamba mkubwa wako ni binti yule, na Mzee amekaa pale anakuangalia? Kiwanda kizima kilimwandika Mzee. Maombi thelathini na saba yakajipanga kwenye akaunti yake, na Mzee hajawahi kugusa kompyuta hata kwa kuifuta vumbi.

Chef aliniita. "Donc, kazi yako. Enda ukae na Muzee, uhamishe ma-demande yote kwa Madame. Moja moja. Na usimuaibishe. Batu bamemuandika juu ya heshima."

Kituo changu cha kwanza basi kilikuwa kigoda kando ya mizani, kompyuta magotini. Nilisoma jina, Mzee alitoa hukumu.

"Uyu? Uyu mi ndiye nilimufundisha kubeba bidoni. Peleka kwa Madame."

"Na huyu?"

"Uyo anapendaka kulala. Lakini peleka."

Tulifika kwenye ombi la mama karibu na saa sita. Mzee alikuwa ameinuka kupokea bidoni. Kwenye orodha ya wakubwa nikaona jina langu mwenyewe, kwa sababu Chef alikuwa amenipa akaunti yenye nguvu za kuhamisha. Nguvu, wadogo zangu, zilinikuta sijajiandaa. Nikalichagua. Ombi la mama likaja kwangu likipiga kengele ndogo. Sababu yake aliiandika kwa herufi kubwa: NAOMBA KUPIMA MAZIWA.

Asubuhi ile alikuwa amenigombeza njia nzima juu ya kofia. Nikabonyeza Kataa. Lango likataka maelezo, nikaandika kama wanavyoandika wakubwa: "Huduma yako haihitajiki kwa sasa." Nilicheka hadi Mzee akaniuliza kama nimemeza kitu. Mpango ulikuwa kumwambia mama wakati wa chakula, tucheke wote, halafu nirekebishe.

Chef akaniita kuvuta waya chini ya meza ya Madame Gérante. Hicho kilikuwa kituo changu cha pili. Nilikaa chini ya meza hiyo mchana kutwa, na nilipotoka nilikuwa na buibui kichwani na ombi la mama limenitoka kabisa.

Kesho yake lango lilianza kazi rasmi. Daftari la maabara, lile lenye jalada gumu ambalo mama aliliandika miaka yote, lilikuwa limefungiwa kabatini kwa amri. Bila ruhusa ya lango hakuna kipimo, na maziwa yasiyopimwa hayapokelewi. Mimi nilikuwa tena chini ya meza. Nikamsikia Mzee getini.

"Maman Deo iko wapi? Mabidoni yanafika ishirini sasa."

Maziwa hayana subira. Jua likishapanda yanaanza kugeuka, na kijana aliyeyasukuma kwa baiskeli tangu Kanzenze anageuka nayo. Nikatoka chini ya meza, nikaenda maabara.

Koti jeupe la mama lilikuwa juu ya meza, limekunjwa mara nne. Juu yake ufunguo wa friji. Laktomita imeoshwa, imelazwa juu ya kitambaa safi kama mtoto. Na kwenye kioo cha kompyuta: "Mkubwa wako wa kazi amekataa ombi hili. Huduma yako haihitajiki kwa sasa." Lango haliandiki jina la aliyekataa.

Niliyasoma maneno yangu mwenyewe na hayakuwa na kichekesho hata kidogo. Mwezi mzima mama alikuwa akisema nyumbani kwamba wataleta msichana mwenye diploma kutoka Kigali. Nami nilikuwa nikimjibu, "Mama, wataleta roboti, msichana anakula sana."

Nilimwona kupitia dirishani. Hakuwa ameenda nyumbani. Alikuwa nyuma kwenye mabomba, pamoja na wanawake wa uani, anaosha mabidoni matupu, mikono ndani ya povu hadi viwiko. Nikasikia mmoja anamuuliza, "Unafanya nini huku, Maman Deo?" Naye akamjibu, "Nasubiri mtu aje aniambie kwa mdomo."

Miguu yangu ilikataa kwenda kule. Ikanipeleka kwa Chef.

"Chef, mama amekataliwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Alivua miwani. Akaifuta. Akaivaa.

"Wewe."

"Ulikuwa mchezo, Chef. Nilisahau. Wewe una funguo zote, mfungulie sasa hivi, maziwa yanaharibika."

"Niko nazo, ndiyo. Mi nikifungua, Maman yako ataingia kwa huruma yangu. Hapana. Ataomba yeye, Madame atakubali. Ni dakika mbili. Na wewe utaenda kumuambia ni nani alimukatala."

"Twende wote."

"Mi? Mi sikumukatala mutu."

Kutoka ofisini kwake hadi kwenye mabomba ni hatua arobaini hivi. Nimeshawahi kwenda Goma na kurudi kwa muda mfupi zaidi.

"Mama, ni mimi."

"Naona ni wewe."

"Ni mimi niliyeandika yale. Kwenye kompyuta. Hakuna aliyekufukuza. Nilijiweka bosi wako, nikakukatalia. Nilikuwa nacheza."

Mwanamke mmoja alianza kucheka, akatazama uso wa mama, akarudi kwenye bidoni lake. Mama alitoa mikono kwenye povu, akaikausha kwa kitenge, kidole kimoja kimoja.

"Maziwa yamefika saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na sasa?"

"Saa mbili kasoro."

"Basi tembea."

Alivaa koti, akakaa mbele ya kompyuta, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Aliuondoa kama anavyoondoa nzi kwenye kikombe cha sampuli. Penye mkubwa wa kazi akamchagua Madame Gérante. Penye sababu akaandika: NINAPIMA MAZIWA HAPA MIAKA KUMI NA MOJA. NAOMBA KUENDELEA. Madame alikubali akiwa bado amesimama na mkoba begani.

Kumbe Mzee wa Mizani hakuwa amekaa tu. Alikuwa ameyasogeza mabidoni yote kwenye kivuli cha ukuta na kuyafunika magunia yaliyoloweshwa. Yalipita yote isipokuwa mawili, yaliyofika mwanzo. Mama alimwonyesha mwenye mabidoni hayo, kijana wa baiskeli, mabonge kwenye kikombe, kwa adabu, kama anavyomwonyesha kila mtu. Kijana yule hakubisha. Nilimbebea mabidoni yake hadi kwenye baiskeli, nikayafunga kwa mpira.

Adhabu yangu ilitoka kwa Chef siku hiyohiyo. Alinihamisha kwenye lango, akaniweka chini ya mama. Akaunti yangu ikawa inajifunga kila jioni, na kila asubuhi nilipaswa kuomba upya, na sababu. Hicho ndicho kilichokuwa kituo changu cha tatu na kirefu kuliko vyote. Mama alisoma maombi yangu kati ya sampuli na sampuli. Siku moja niliandika "Kama jana." Akakataa: "Jana haikuwa sababu." Siku nyingine niliandika "Kuvuta waya wa stoo, mita sita, kisha kufagia." Akakubali mara moja.

Yeye ndiye aliyebandua lile neno la siri kwenye friji. Wanawake wa uani walipoanza kupewa akaunti zao walikuja kwake, si kwangu, na aliwafundisha kwa kidole kimoja kilekile. Mzee wa Mizani naye akataka yake. Alipoulizwa mkubwa wake wa kazi ni nani, alisema, "Andika Madame. Mi niko mukubwa wa miaka. Ya kazi ni yeye." Baada ya hapo hakuna aliyeona vibaya kumwandika binti yule.

Lakini juu ya jambo lile, mama hakuniambia neno. Wiki tano. Alinipakulia, akaniuliza habari za waya, akasimulia mvua ya Kanzenze. Mimi niliyezoea kugombezwa hadi njia nzima isikie, nilikuwa natamani anigombeze. Kila nilipojaribu kuanza, "Mama, siku ile...", alikumbuka kitu jikoni.

Mstaafu anatakiwa kuwaachia wadogo mawaidha, basi haya hapa. Waya ukikosea, unauchomoa tu. Kitufe cha Kataa hakichomoki. Ukiwa nacho mkononi, inuka kwanza, uchungulie dirishani, umwone mtu wako yuko wapi na mikono yake iko ndani ya nini. Mengine Chef atawafundisha, akipata muda.

Siku ya mwisho Chef alinisainia cheti: "Alihudhuria. Anajua nyaya." Mzee wa Mizani alinipandisha kwenye mizani, akawatangazia wote waliokuwa getini kwamba kiwanda kimeninenepesha. Mchana lango likamuuliza mama: mtu huyu bado anahitaji ruhusa? Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Alibonyeza Hapana, kioo kikanifuta jina, naye akaendelea na sampuli.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba mtindi. Alipika, akapakua, akaweka sahani yangu mbele yangu, na bila kuniangalia akasema:

"Siku ile nakunja koti, nilikuwa nakuwaza wewe tu. Nitamwambiaje huyu kwamba nimefukuzwa, asije akaona haya mbele ya wenzake, siku yake ya pili kazini. Nawa mikono, chakula kinapoa."