Kiu ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na kiu tangu utotoni, na si kiu kama yako. Debe la maji nililoteka alfajiri alilimaliza kabla ya adhuhuri, na chooni alikuwa haachi kwenda. Mama yake alisema ni kudekezwa tu.

Zamani Ramadhani ikiingia alikuwa anakunywa kwa kificho shambani kwake. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyuma ya Mikindani, shamba likawa la wote, watu bega kwa bega. Akaona aibu, akafunga.

"Utakufa wewe," nilimwambia.

"Wenzangu wote wamefunga. Mimi nina nini?"

Mchana ule ule akaanguka kwenye mihogo. Midomo imepasuka, maneno hayaeleweki, na suruali imelowa mkojo. Hilo ndilo lililonishangaza: mtu amekauka hivi, mkojo unatoka wapi? Trekta la kijiji likatupeleka hospitali, Mtwara.

Wakampima mpaka wakajua. Daktari akaniita kando ya kitanda cha mume wangu.

"Mama, ubongo unatoa homoni ya kuiagiza figo ibakize maji mwilini. Kwenye figo kuna vipokezi, ndivyo vinavyopokea agizo. Vya mumeo havipokei, amezaliwa hivyo. Figo inamwaga tu, anywe asinywe."

"Basi figo zimemfuata mwenyewe," nikasema. "Naye haambiwi."

Mgonjwa akacheka, dripu mkononi. Hapo nikajua kuanguka kule atapona, ingawa kiu yenyewe ni ya maisha. Tulipewa vidonge, tukaambiwa chumvi tupunguze, maji asikose, na kufunga asifunge tena. Hilo la mwisho lilimfanya ageukie ukutani.

Tuliporudi, shehe akatueleza: mwenye ugonjwa usiopona hutoa fidia, hulisha maskini kwa kila siku asiyofunga. Nikapika. Mume wangu akaniomba nimpelekee bibi mjane wa nyumba ya mwisho, maana njiani watu wangeuliza.

"Fidia ni yako. Peleka."

Akabeba bakuli jioni, akapita mbele ya nyumba zote. Alikawia hata nikaingiwa na wasiwasi. Aliporudi akakaa karibu yangu jikoni.

"Bibi yule amefunga," akasema, "lakini aliponiona tu akanichotea maji mtungini. Ameniambia, kunywa, baba, mimi nasubiri adhana."

Kesho yake bakuli alilichukua mwenyewe, hata wali haujaiva vizuri.