Povu la Majani ya Maharage

Miaka ile boti zilipokuwa zikishusha wakimbizi wa Burundi ufukweni karibu kila siku, nilipanga chumba Ujiji nikifundisha baiolojia katika shule moja ya Gungu. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mfanyabiashara wa dagaa. Babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo akisema atarudi baada ya mavuno, akazikwa Ujiji. Nadhani ndiyo sababu mwenye nyumba alimpokea bila maswali mwanamke wa Kirundi aliyeshuka kwenye boti iliyopitia Mwamgongo, karibu na mpaka, mkononi ana fundo la kitenge tu.

Ndani ya fundo mlikuwa na mbegu za maharage za mama yake: nyekundu, nyeusi, za madoa, zote pamoja, maana kwao hawazitenganishi. Katikati yake vilibaki vipande vya majani makavu, tangu siku walipoyapiga maharage hayo uani kwao.

Mvua zilipoanza, mwenye nyumba alimpa kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, mahali anapoanika dagaa. Nikiwa dirishani nilimwona akipanda. Kila shimo alilifukia huku akinong'ona. Nilidhani anaomba dua. Baadaye mwenye nyumba aliniambia yalikuwa majina ya watu aliowaacha nyuma, asijue nani amepona. Karibu na ua alimpanda mumewe. Pembeni, penye ukuta wa bafu, alimpanda mama yake.

"Huo ni utaratibu wa kwao?" niliuliza.

"Wala. Ni wake mwenyewe. Wewe usimwulize."

Sikumwuliza. Lakini asubuhi, kabla sijatoka kwenda shuleni, nilimsikia nyuma ya nyumba akizungumza Kirundi kwa sauti ya chini, akisema, kisha akinyamaza kwa muda unaotosha mtu kujibiwa.

Maharage yalipoanza kuweka maua, mvua ilikatika. Bomba la mtaa nalo halikutoa kitu. Maji ya kubeba kutoka ziwani yalikuwa ya kupikia, na yule mwanamke aliyapa mashina yake maji aliyooshea vyombo. Mchana majani yalilegea yakaning'inia kama matambara. Mwezi ulikuwa unakaribia giza, wakati wavuvi wanapotoka na taa zao, na mwenye nyumba alihitaji uwanja wake.

"Mwanangu, nakuonea huruma," alimwambia, "lakini dagaa hawasubiri. Hayo yamekwisha kufa. Tung'oe, mbuzi wale."

Yule mwanamke alikuja mlangoni kwangu, akanisalimia, akasema amesikia kwamba nafundisha mambo ya mimea. Alitaka kujua kitu kimoja: yamekufa au hayajafa?

Nilimweleza ninavyowaeleza wanafunzi. Jani likikosa maji hufunga vitundu vyake ili lisikauke, lakini jua haliachi kulipiga. Mwanga ule usiopata kazi ya kufanya huzaa ndani ya jani oksijeni kali inayoliunguza. Mmea hujilinda kwa vimeng'enya. Kimoja huigeuza oksijeni ile kuwa sumu isiyo kali sana. Kingine huivunja sumu hiyo ikawa maji na hewa ya kawaida. Mmea ambao vimeng'enya vyake vinawahi huvumilia ukame. Ule ambao vimeng'enya vyake vinazidiwa huungua kutoka ndani, hata kabla haujakauka.

Sumu hiyo, nilisema, inauzwa duka la dawa kwa kusafishia vidonda. Chupa nilikuwa nayo. Nikachuma jani lililolegea, nikalitwanga kwenye kisahani, nikalidondoshea dawa. Povu jeupe likapanda: hewa inayotoka kimeng'enya kikiivunja sumu, nikasema, bado kinafanya kazi.

Mwenye nyumba, aliyemfuata, alikuwa ameinama juu ya kisahani. "Mwalimu, hata sabuni inatoa povu."

Yule mwanamke hakucheka. Aliondoka, akarudi na majani kwenye upande wa kitenge, moja la kila shina, ameyapanga kwa namna asiyoweza kuyachanganya. Nikayatwanga moja baada ya jingine. Kila povu lilipopanda, midomo yake ilitaja jina bila sauti. Hapo ndipo nilipoelewa anachonipimisha.

Jani la mwisho alilitoa ndani ya fundo la mbegu. Lilikuwa kavu, la kahawia, lilivunjika nilipoligusa.

"Hili la kwetu," alisema. "La mama."

Nikalidondoshea. Tukasubiri. Povu dogo likatoka ukingoni, matone machache yakichemka kimya kimya. Yeye akashika meza.

"Ego," alisema. Ndiyo, kwa Kirundi.

"Dada," nilisema, "jani hili limekufa. Kimeng'enya hubaki hata jani likishakufa, kama halikupikwa wala kuoza."

Alikisukuma kisahani pembeni. "Kwa hiyo povu halijui."

"Halijui."

"Basi kinachojua ni nini?"

Nilimwambia atazame alfajiri. Jani lenye uhai hunyanyuka baada ya ubaridi wa usiku. Likibaki limelala kama jioni, shina limekwisha. Nilisema hivyo nikijua kwamba hazungumzii maharage.

Kesho yake alikuwa uani kabla ya jua. Mashina machache yalikuwa yamenyanyua majani, jirani kabisa na mengine yaliyolala. Yaliyolala aliyang'oa mwenyewe, moja moja, hakuwaachia mbuzi. Alipofika kwenye lile la mumewe, karibu na ua, alikaa chini kwanza, ndipo akalivuta. Mwenye nyumba alisimama mlangoni na ufagio, asifagie.

Shina la mama yake, penye ukuta wa bafu, lilikuwa limelala. Aliligusa, akalipita, akaingia ndani.

Siku ile dagaa walifika beseni baada ya beseni. Mwenye nyumba aliwamwaga chini, akawatandaza kwa mikono akirudi kinyumenyume, akiyazunguka mashina yaliyosimama. Alipofika ukutani alisita. Shina lile lilikuwa kavu, yeyote angeliona. Akapeleka dagaa huku, akapeleka kule, akaliachia nafasi yake.

Kulipoingia kuku pale, mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyemfukuza.