Mshipa Mweupe Ndani ya Jiwe

Niliondoka mtaani Obunga asubuhi moja bila mpango, shati la pili likiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Jua lilipopanda nilikuwa nimefika kilima cha mawe karibu na Maseno. Huko watu huwasha moto juu ya jiwe mpaka lipasuke, kisha hulivunja kuwa kokoto. Aliyewasha moto ndiye mwenye vipande vyote.

Nilikuta nyundo zimenyamaza, wavunja mawe wamesimama duara. Mama mmoja alikuwa amemshika shati mpangaji wake, kijana aliyepanga chumba kwake. Alisema jiwe lake, alilolichoma siku mbili, limepasuka, na mpangaji ameiviringisha nusu hadi sehemu yake.

"Mawe yote yanafanana, Mama," mpangaji alisema. "Ama lako liliandikwa jina?"

Niliacha shule darasa la sita, lakini karatasi ya kufungia mandazi siitupi kabla sijaisoma. Moja ilisema Afrika na Amerika Kusini zilikuwa nchi kavu moja. Kingo zao zinalingana. Miamba inayokatika ufuoni huku inaendelea ng'ambo. Mifupa ya mjusi wa kale wa aina moja, asiyeweza kuogelea bahari nzima, iko pande zote mbili. Nikawaambia hayo.

"Kwa hiyo Brazili walituibia?" mzee mmoja akauliza. Wakacheka. "Haya, mwalimu, tupimie."

Nikapima. Mshipa mweupe, upana wa vidole viwili, ulikatika kwenye nusu ya juu, kwa Mama, na kuendelea kwenye nusu ya chini, kwa mpangaji, hata doa lake jekundu likakutana na mwenzake. Nilifurahi sana.

"Ni jiwe moja," nikasema.

Sikuwa nimefikiria kitakachofuata. Wavunja mawe walimrukia mpangaji; mpini wa nyundo ulimpata mgongoni, wa pili mdomoni. Alitema jino. Alipoinua mkono kujikinga, nilisikia mfupa ukikatika. Nikawasihi waache, ngumi ikanilaza juu ya jiwe nililolipima. Mama ndiye aliyewazuia, kwa kumlalia kijana yule mwili mzima.

"Nilitaka jiwe langu," alisema. "Nani aliwaomba damu?"

Mpangaji alishuka kuelekea barabarani, mkono ukining'inia, bila kugeuka.

Mama alifuta damu kwenye leso yake, akanitazama. "Na wewe unalala wapi?"

"Sijui, Mama."

"Twende. Kuna chumba."

Blanketi halikuwa limekunjwa. Mswaki ulisimama ndani ya kikombe, bado una maji. Niliweka mfuko wangu sakafuni, nikakaa kando yake, kitanda sikukigusa.