Timu Ikishinda, Mimi Napoteza Zamu

Habari ya kazi, admin. Naomba unifichie jina, na majina niliyoandika humu nimeyabadilisha, maana mji wetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 41, nina watoto watatu, naishi Bagamoyo mjini. Ni fundi cherehani. Nilianza na cherehani moja ya mkono barazani kwa watu, leo nina nne na mafundi wawili chini yangu. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa sindano. Nayasema haya mjue mimi si mtu wa kulialia.

Mume wangu, tumwite Baba Zainabu, ni kocha wa timu yetu ya hapa. Miaka miwili iliyopita alioa mke wa pili, Mwanaidi, binti wa miaka 26, anakaa Kaole. Sikugoma. Niliweka sharti moja tu mbele ya wazee: zamu ni siku mbili kwangu, mbili kwake, na zisivunjwe. Zikaenda sawasawa mpaka timu ilipoingia kombe la taifa la mtoano, lile ambalo ukifungwa mara moja tu unarudi nyumbani.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, tukashinda 3-0. Nahodha, ambaye ni jirani yake Mwanaidi, akawaambia wenzake kwamba asubuhi ile alimwona kocha akitoka kwa bi mdogo. Mechi ya pili iliangukia zamu ya Mwanaidi, tukashinda kwa penalti 5-4. Basi, ikawa imani: kocha akiamkia Kaole, timu inashinda. Bi mdogo ana mguu mzuri.

Mechi ya tatu iliangukia zamu yangu. Siku moja kabla nikaona mwenyekiti wa timu na nahodha wanapiga hodi.

"Shikamoo mama," nahodha akasema, macho chini.

"Marahaba. Jezi bado sijapiga pasi."

"Hatujafuata jezi, bi mkubwa," mwenyekiti akadakia. "Tumekuja kukuomba kocha. Leo tu. Ni kwa ajili ya timu."

Jamani, naombwa mume kama mtu anavyoazima ngazi! Nikakubali. Nimekuja kukiri, kwa hiyo nitasema kweli: nilikubali kwa sababu tulikuwa tunacheza na timu ya daraja la juu yetu, nikajua tutafungwa na mguu mzuri utaishia hapo.

Siku ya mechi Mwanaidi aliwekewa kiti cha plastiki kando ya uwanja, na mtu wa kumshikia mwavuli. Mimi niliyeshona namba za jezi zote ishirini na mbili nilikaa kwenye mchanga, jua la utosi. Dakika ya 88 bado 0-0, na moyoni nilikuwa naomba wale wageni wafunge. Tukafunga sisi. Uwanja mzima ukasimama, nikabaki nimekaa peke yangu. Mwanaidi akanigeukia, akacheka. "Bi mkubwa, usinune, ni mpira tu!"

Mechi ya nne wakaona siku moja haitoshi, kocha akae Kaole siku tatu. Mbili kati ya hizo zilikuwa zangu. Tukashinda 2-1. Wiki iliyofuata nahodha akaniletea jezi mpya nimshonee Mwanaidi, namba 12, mgongoni iandikwe "Mama Ushindi". Niliishona, na nikaishona vizuri, mishono miwili, maana kazi yangu siiharibu kwa sababu ya mtu. Lakini sindano ile niliisikia hapa kifuani.

Sasa kinachoniumiza zaidi ni hiki. Juzi nilikaa nikahesabu zamu kurudi nyuma mpaka mechi ya kwanza. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa ile mume wangu alikuwa kwangu! Alikuwa ananisomea namba, mimi nashona, tukamaliza ya ishirini na mbili, akalala hapa. Alfajiri aliposwali akakumbuka filimbi yake ameiacha Kaole, akachukua pikipiki akaifuata. Nahodha alimwona akitoka na filimbi, akadhani ameamkia pale. Kwa hiyo ule ushindi mkubwa kuliko yote, 3-0, ulitoka nyumbani kwangu.

Nikamuuliza: "Baba Zainabu, Ijumaa ile kabla ya mechi ya kwanza ulilala wapi?"

Akasema taratibu, "Kwako. Najua."

"Unajua? Na umewaacha waimbe mguu wa mwenzangu?"

"Mama Zainabu, vijana wameshaamini. Ukiwaambia leo utawavuruga vichwa. Tukifungwa, watasema ni wewe."

Yaani alijua tangu siku ya kwanza.

Jumapili hii ni hatua ya kumi na sita bora, tunacheza na timu ya ligi kuu. Anataka abaki Kaole tangu Alhamisi mpaka siku ya mechi. Ijumaa na Jumamosi ni zangu. Nimeshapoteza siku tatu, hakuna hata moja iliyorudishwa. Hizi zitakuwa tano. Wakifika fainali ni mechi tatu zaidi, siku mbili mbili, jumla kumi na moja. Mji mzima unaomba tushinde, mimi nahesabu.

Nikisema ukweli na kocha akalala kwangu, tukifungwa nitaitwa mkosi mpaka nazikwa. Nikinyamaza wakashinda, Mwanaidi atakuwa malkia wa Bagamoyo kwa ushindi uliotoka kwenye kitanda changu. Na tukishinda akiwa kwangu? Hilo nalitamani mpaka naona aibu.

Jezi zote ziko hapa, zimepigwa pasi, ile namba 12 iko juu kabisa. Nahodha anakuja kuzichukua Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya zamu yangu. Ndugu zangu, hasa mlio kwenye ndoa za wake wawili, niambieni: nimkabidhi jezi ninyamaze, au nimwambie ile Ijumaa kocha alilala wapi?