Jina Lake Kwenye Nyumba Zetu Zote

Tumemzika juma lililopita yule binti aliyekuwa akitengeneza kurasa za intaneti hapa mtaani kwetu Manika. Ninyi mnaonisoma mnajua mi shule niliiacha mapema na kila nilicho nacho nimekitoa kwa mikono yangu, kwa hiyo msitegemee machozi. Nataka mjue tulivyomtendea.

Kampuni ya mgodi ilipotaka kututoa mtaani, ilisema pale hakuna wenyeji, kuna kundi la watu tu. Binti akatutengenezea ukurasa: kila nyumba na jina la familia na picha ya waliomo. Asubuhi ya mkutano na wakubwa wa komini, serikali yetu ya hapa, tukaufungua mbele ya watu. Kila nyumba, hata yangu, ilibeba jina lake yeye na picha yake yeye! Watu wakawaka. "Mukasai amejinyakulia mutaa yote! Arudi kwabo!" Maneno hayo aliyajua tangu utotoni, siku familia yao, watu wa asili ya Kasai, ilipopandishwa treni kwa nguvu kufukuzwa huku. Nikamwambia, "Mwanangu, toka kwanza, batakupiga." Hakuinua hata macho. "Tata, mi sitoki. Banifukuze nikiisha kutengeneza."

Akabadilisha rangi ya nyumba moja pale kwenye ukurasa. Zote zikageuka nyekundu. Akacheka, jamani, katikati ya matusi yale akacheka. "Tata, kuya uone bujinga yangu. Nilitengeneza nyumba moja tu kwanza, mbele ya kuanza kuzungukia familia. Kila familia ikifika, ninafuta jina ya zamani, ninaandika yake, ninaingiza nyumba ileile kwenye orodha. Haiko nyumba mingi, iko moja tu, tunaionyesha mara mingi. Na mi nilijiandika wa mwisho, sababu ya kubaheshimu, kumbe jina ya mwisho ndiyo imebakia pote." Akahamisha mstari mmoja wa maagizo anayoiandikia kompyuta, ili kila mzunguko uanze na nyumba mpya. Majina yakarudi, kila moja mahali pake. Yule mama aliyepiga kelele kuliko wote akasogea: "Basi, mama, tuonyeshe ya kwangu."

Mkutanoni wale wakubwa walilazimika kutuita familia kwa familia, na kila mmoja akasimama kujibu. Tingatinga lilikuja hata hivyo, sitawadanganya. Lakini anayetaka kukufukuza huanza kwa kukufanya kitu kimoja na wenzako, na asubuhi ile sisi tulimfanyia binti hivyo upesi kuliko kampuni. Sasa basi. Atakayekuja tena kututoa, awe mgeni au jirani, na atutoe mmoja mmoja, akitaja jina la kila mtu na kumtazama machoni. Tutaona kama ataweza.